Mistari Mitano Mliyoifuta Kwenye Faili Langu

Kamwene, vijana wa ofisi ya maji. Nawasalimia kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu mmestahili.

Mmeniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi, ziingie kwenye kijitabu mnachowapa wafanyakazi wapya wanaporipoti hapo Rujewa. Aliyenipigia simu ni Baraka, kijana wenu wa kompyuta aliyekalia kiti changu nilipostaafu. Alianza na shikamoo ndefu, akaniita bibi, akasema eti anataka niwape hekima. Mimi niko zangu hapa Iringa, nimejifunga khanga mbili kwa baridi, nachambua maharage, nikajisikia vizuri. Nani hapendi kuambiwa ana hekima? Kisha, akiwa ameshaanza kuaga, akasema, "Halafu bibi, tumekusafishia lile faili lako la mipangilio. Kulikuwa na mistari mitano haina kazi, tumeifuta."

Nikamuuliza mistari gani. Akanisomea wa kwanza huku anacheka: "Usiguse. Kama huelewi, kamuulize Semeni." Akaongeza, "Bibi, kwani Semeni ndiye nani?"

Niliweka ungo wa maharage chini. Mistari hiyo mitano ndiyo inayowapa wajane wa skimu yenu maji ya mpunga. Ikitoka hiyo, maji hawapati, na hakuna kengele itakayolia kuwajulisha. Nilichomjibu Baraka nitakifikia. Kwanza niwaeleze, maana naona hamjui hata chombo mnachokishika kila siku.

Kihariri ninachokisema, programu ya kuandikia kwenye kompyuta, si kile cha barua, chenye vipicha vya mkasi na brashi juu. Ni kile kikavu, skrini tupu na herufi, ambacho unaweza kukibadili tabia yote kwa kukiandikia maagizo. Mkikiona mara ya kwanza mnakicheka. Baadaye mnasikia kwamba mabingwa wa nje wanakitumia, basi mnakimbilia mtandaoni, mnanakili faili la mipangilio la mtu msiyemjua, mnalibandika zima zima, na mnatembea kifua mbele. Baraka aliwahi kunionyesha la kwake kabla sijastaafu. Mistari mia nane! Nikamuuliza huu wa thelathini unafanya nini. Akajikuna kichwa. Na huu? Akajikuna tena. Mtu mzima amejaza nyumba wageni na hajui jina la hata mmoja.

Sasa sikilizeni. Kihariri hiki kina kitu kinaitwa modi. Modi ni tabia kinayoivaa kulingana na kazi. Ukifungua faili, kinatazama mkia wa jina lake, zile herufi za baada ya nukta. Mkia ukiwa wa programu, kinavaa modi ya programu, kinakupangia mabano na kukutilia rangi. Mkia ukiwa wa maandishi ya kawaida, kinavaa modi ya maandishi, na ukikiagiza kitakuwa kinakata mstari chenyewe ukifika mwisho, ili ukurasa upendeze. Na faili lisilo na mkia kabisa je? Hapo kinavaa ile modi uliyokiambia ivaliwe pasipokuwa na agizo jingine. Kikitoka kiwandani, modi hiyo ni tupu, haifanyi chochote, inaacha unachoandika kama ulivyokiandika. Lakini unaweza kuibadili kwa mstari mmoja tu. Na mtu anayeweza kubadili kitu kwa mstari mmoja huwa hajiulizi mara mbili.

Kazi nilifundishwa Mbeya, Uhindini, kwenye duka la uchapaji la Mzee Jayanti. Huyo baba alizaliwa hapo hapo Mbeya, Kiswahili chake cha Mbeya, na akikasirika alichanganya na Kisafwa mpaka wakulima waliokuja kuchapisha ratiba za kwaya wanacheka. Alikuwa na rula ya chuma. Hakumpiga mtu, aliipiga meza. Ukikaa kwenye kompyuta, kabla hujagusa herufi hata moja, rula paaa! "Binti, soma chini."

Chini ya skrini kuna ukanda mwembamba. Umeandikwa jina la faili na modi iliyovaliwa. Mzee Jayanti alitaka usome ukanda huo kwa sauti. "Faili ratiba, modi ya maandishi, inakata mistari." Ndipo uandike. Kila faili, kila siku, mbele ya wateja, mimi mwanamke niliyemaliza kidato cha nne nasoma kwa sauti kama wa chekechea. Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa napiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama kibodi wala skrini, macho yangu kwenye karatasi ya mteja tu, na hakuna aliyenifikia kwa kasi kuanzia Mwanjelwa mpaka Soweto ya Mbeya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kasi hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jambo la pili lililonikera kwake lilikuwa utaratibu wa folda. Kila kazi ilikuwa na folda yake, na ndani ya folda kuna kifaili kidogo cha mipangilio ya kazi hiyo tu. Ratiba za misa zina chao. Vitabu vya risiti vina chao. Mimi nikaona huu ni uzee. Kwa nini useme jambo mara kumi wakati unaweza kusema mara moja? Siku moja alipokwenda kula nikafungua faili kuu la mipangilio, nikaandika maagizo mawili: kila faili lisilo na mkia livae modi ya maandishi, na modi ya maandishi ikate mstari kwenye herufi ya sabini. Kwisha. Ratiba zikawa zinatoka zimenyooka bila mimi kugusa kitufe cha kushuka mstari. Wenzangu wakanipigia makofi.

Mzee Jayanti aliporudi akasoma. Akasema, "Hapa dukani sawa, maana hapa tunaandika maneno matupu. Ukiondoka hapa, uiache hapa."

Nikajibu ndiyo mzee. Moyoni nikasema, huyu ana wivu tu.

Nilipopata kazi Rujewa, kwenye ofisi ya skimu ya umwagiliaji, faili langu la mipangilio nilikuja nalo mfukoni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maji ya mfereji mkuu hayatoshi watu wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mkulima ana zamu yake, siku yake na saa yake. Kila msimu, mpunga ukikaribia kuchanua, kunafanyika mkutano, katibu wa kamati anasoma daftari jina kwa jina, na mimi naingiza kwenye kompyuta. Mkulima mmoja, mstari mmoja. Kisha kijiprogramu nilichokiandika mwenyewe kinapanga mistari kwa siku na saa, tunachapisha, tunabandika ubaoni, na nakala moja anapewa mgawa maji. Mgawa maji wakati huo alikuwa Sanga, mtu mrefu, mpole, mwenye funguo zote za milango ya mifereji. Sanga alifuata karatasi. Jina likiwepo anafungua, lisipokuwepo hafungui, hata uwe mama yake mzazi.

Mtaniuliza, kwa nini hatukutumia programu ya majedwali kama watu wengine? Tulitumia. Mifereji yetu inaitwa kwa namba, mfereji wa tatu tawi la nne tunaandika tatu-kistari-nne. Ile programu ya majedwali ilipoona hivyo ikajiamulia kwamba ni tarehe, ikageuza mfereji mzima kuwa mwezi wa Aprili. Sanga akaja ofisini na karatasi mkononi, amenitolea macho, anauliza, "Dada Yusta, Aprili ndiyo iko upande gani wa banio la maji?" Tukaiacha. Tukarudi kwenye faili tupu la herufi, na nikaliita jina moja, zamu, bila mkia.

Bila mkia. Mnaanza kuona? Mimi sikuona.

Msimu ule tuliandika kama kawaida. Katibu anasoma, vidole vyangu vinakimbia, macho yangu kwenye daftari lake, siangalii skrini, maana skrini ni ya wanaojifunza. Wakulima wamekaa kwenye mabenchi wanashangaa. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Huyu dada wa Iringa ni hatari." Nikazidisha kasi.

Orodha ikachapishwa siku hiyo hiyo, ikabandikwa. Sikuihesabu. Nani ahesabu kazi ya Yusta?

Baada ya siku chache akaja mama mmoja mlangoni. Miguu ina matope mpaka magotini, khanga ameikunja, ndala ameziacha nje kwa heshima. Akasema anaitwa Semeni Mgaya, ana majaruba ya mpunga mfereji wa tatu tawi la nne, zamu yake ni Jumanne saa nne asubuhi, amekwenda kwa Sanga na Sanga amemwambia jina lake halipo.

Nikaitazama orodha iliyochapishwa. Kweli halikuwepo.

"Basi umeondolewa," nikamwambia.

"Nimeondolewa na nani?"

"Mimi nitajuaje, mama? Mimi naandika ninachosomewa. Labda kamati. Labda huko kwenu kwenye ukoo. Kompyuta haimuonei mtu, haina ndugu wala shemeji."

Lile neno shemeji lilimkaa. Nililiona likimkaa. Mumewe, marehemu Pascal Mwakalinga, alikuwa amefariki mwaka wa nyuma yake, na mdogo wa marehemu alishasema hadharani kwamba shamba lile ni la kaka yake na mjane aangalie ustaarabu. Semeni akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo ni shemeji yangu?" Na mimi, kwa uvivu wa kufungua faili tu, nikamwambia, "Nenda mkayaongee nyumbani, mama. Hapa ni ofisi." Nikarudi kwenye kazi yangu, na yeye akavaa ndala zake akaondoka.

Alikwenda. Alimkuta shemeji yake anarekebisha jembe la kukokotwa na ng'ombe, akamwambia mbele ya wanawe na majirani kila kitu ambacho mjane hukaa nacho kifuani mwaka mzima. Yule bwana hakujua hata anaambiwa nini. Akamfukuza uwanjani kwake, akaapa hatamsaidia kulima tena. Watoto wa nyumba mbili waliokuwa wanakwenda shule pamoja wakakatazwa kusalimiana. Na Semeni hakuwa peke yake. Wiki ile Rujewa mashemeji walitukanwa mpaka wakakoma, na hakuna aliyejua chanzo.

Siku ya kumi na mbili Semeni akarudi. Safari hii hakuacha ndala nje. Mpunga wake ulikuwa umefika kuchanua, na mpunga ukikosa maji unapochanua, hautungi. Akaweka mezani kwangu suke moja, kwenye karatasi zangu, akalikamua kwa vidole. Mapepe matupu. Akayapuliza kidogo tu, yakaruka, mengine yakaniangukia mikononi.

Nikafungua mdomo kusema kuhusu kamati. Akanikata.

"Dada, siku ya mkutano nilikaa benchi la mbele. Katibu alisoma jina langu. Mimi nilikuangalia wewe, ukapigapiga hapo. Uliniandika. Nataka unionyeshe uliponiweka."

Hakukuwa na jeuri ndani yake. Alikuwa anauliza kitu cha haki, kama mtu anayeuliza mzigo aliouacha kwa mpokeaji. Nikafungua faili ili nimuumbue. Kweli kabisa, nilifungua ili nimuumbue. Nikashuka mpaka namba kumi na sita. Ilikuwa hivi:

16, Juma Kalinga, mfereji 3-4, Jumanne, saa mbili asubuhi

Mstari mmoja, safi. Chini yake:

17, Semeni Mgaya, mjane wa marehemu Pascal Mwakalinga, kwa niaba ya
watoto, mfereji 3-4, Jumanne, saa nne asubuhi

Mistari miwili. Kihariri kilifika herufi ya sabini, kikaukata kwa unadhifu wote kama nilivyokiagiza Mbeya. Kijiprogramu changu kilikuwa na agizo la kuruka mstari wowote usio na namba mwanzoni au usio na saa mwishoni, kwa sababu sikutaka vichwa vya habari na mistari mitupu vinisumbue. Mstari wa juu una namba na hauna saa, ukarukwa. Wa chini una saa na hauna namba, ukarukwa. Mama wa watu akapotea bila mlio wowote.

Nikaendelea kushuka. Uliofuata kukatwa ulikuwa wa mjane. Na mwingine, mjane. Walikuwa tisa, na wote tisa ni wajane. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kamati, kwa nia njema kabisa, iliamua kwamba mwanaume akifariki, jina lake lisitoke kwenye daftari, ili ndugu wasije wakanyang'anya shamba. Juma ni Juma. Lakini mwanamke aliyefiwa anaandikwa yeye, na mume wake, na umarehemu wake, na watoto wake. Maneno yaliyowekwa ili kumlinda ndiyo yaliyomrefusha mstari, na mimi nilikuwa nimeagiza mistari mirefu ikatwe.

Nikatazama chini ya skrini. Ukanda umeandikwa waziwazi: faili zamu, modi ya maandishi, inakata mistari. Ulikuwa umeandikwa hivyo siku zote kumi na mbili. Masikio yaliniwaka moto. Ningesikia rula ya Mzee Jayanti wakati ule ningeshukuru.

Semeni akaniuliza, "Umeniona?"

Nikasema nimekuona mama.

Mkidhani hapo nilijishusha, hamnijui. Nilirekebisha mistari, nikachapisha orodha mpya, nikamkimbizia Sanga, Sanga akafungua maji mchana ule ule. Halafu nikaandika tangazo, nikalibandika ubaoni: "Kulikuwa na hitilafu ya kompyuta. Imerekebishwa." Nikajiona nimemaliza. Semeni akalisoma, akalibandua, akanirudishia mkononi.

"Hii kompyuta ina mdomo?" akaniuliza. "Iliyoniambia nimeondolewa na ukoo ni kompyuta? Mimi nimemtukana baba mdogo wa wanangu kwa maneno yako. Vaa viatu, twende ukamwambie mwenyewe."

Nikasema kuna kazi ofisini. Akasema atasubiri. Akakaa pale kwenye benchi, mikono magotini, mpaka nikavaa viatu.

Tulikwenda kwa miguu, mimi na yeye, kwa mdogo wa marehemu. Nikasimama uwanjani kwake, mimi hatari wa vidole kumi, nikasema: shemeji yako hakuondolewa na mtu. Mimi ndiye niliyemkata, kwa mpangilio niliouweka mwenyewe, na alipokuja kuuliza nikamwambia uongo kwa uvivu. Yule bwana akamwambia Semeni, "Karibu ndani." Mimi hakunikaribisha, na sikustahili. Nikaenda kwenye zile nyumba nyingine nane vile vile, siku mbili za kutembea kwenye kingo za majaruba. Wengine walicheka, wengine walinifokea, na bibi mmoja alinipa maji ya kunywa, jambo lililoniuma kuliko kufokewa. Semeni alivuna nusu ya shamba lake msimu ule. Nusu nyingine ilikuwa mapepe.

Niliporudi ofisini ndipo nilipoandika ile mistari mitano. Minne ni maagizo: faili linaloitwa zamu, popote lilipo, livae modi tupu, lisikatwe mstari, lisiongezwe nafasi, liachwe kama lilivyoandikwa. Wa kwanza ni yale maneno yaliyomchekesha Baraka.

Sasa turudi kwenye simu. Nilimwambia, "Baraka, acha kucheka. Fungua faili la zamu la msimu huu. Soma chini."

"Chini wapi, bibi?"

Miaka yote hiyo kwenye kiti changu, hujui ukanda wa chini! Nikamwelekeza. Akasoma: modi ya maandishi, inakata mistari. Ile mipangilio yake ya mistari mia nane, ya mtu wa mtandaoni, ilikuwa imefanya kile kile nilichofanya mimi Uhindini. Yeye hata hakuwa na udhuru wa kuangalia karatasi. Alikuwa anaandika huku jicho moja liko kwenye simu.

"Nenda namba kumi na saba."

Nikasikia vitufe vikibonyezwa. Kisha sauti imebadilika: "Bibi, mstari umekatika."

"Orodha iko wapi?"

"Tumebandika jana. Mgawa maji ameshachukua ya kwake." Nikasikia anasogeza kiti. "Bibi, nachapisha nyingine sasa hivi. Na hao wamama nitawatumia meseji."

"Hutatuma meseji. Chapisha, mpelekee mgawa maji mkononi, kisha vaa viatu uende nyumba kwa nyumba. Uanzie kwa Semeni Mgaya. Ulitaka kujua ni nani, utamjua."

Alikwenda, kwa hilo namsifu. Zamu za mfereji ule zilikuwa hazijaanza, hakuna jaruba lililokauka. Mchana simu yangu ikalia, namba ya Baraka. Nikapokea nikiwa nimeshaandaa maneno makali ya kumtosha mwaka mzima. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, taratibu, inanijua.

"Yusta," akasema. "Tena?"

Yale maneno makali sikujua nimeyaweka wapi. Nilitaka kusema si mimi safari hii, ni hawa watoto wa siku hizi, hawasomi, wanafuta wasichokijua. Yote ni kweli, na nimewatukana humu ndani kwa raha zangu. Lakini nani aliyeandika "Usiguse" bila kusema kwa nini? Nilikaa hapo ofisini miaka yote iliyofuata, nikafundisha vijana wanne, na sikumsimulia hata mmoja. Niliona aibu. Nikaandika fumbo la maneno matano juu ya maagizo manne, nikaliita ulinzi, nikastaafu na keki. Hata kile kijiprogramu kinachoruka mistari kimya kimya sikukigusa, kwa sababu kukigusa kungenikumbusha. Baraka alifuta kitu kisicho na maelezo. Ningekuwa mimi Uhindini, ningekifuta haraka zaidi yake.

Nikamwambia Semeni, "Ndiyo mama, tena. Nisamehe." Akasema magoti yanamsumbua, siku hizi shambani anakwenda binti yake, na huyo binti ndiye ataandikwa msimu ujao. Akauliza maharage Iringa yanaendaje. Akamrudishia Baraka simu yake.

Kwa hiyo hekima mliyoitaka ni hii, na ni ya kazi tu. Kijiprogramu kikikuta mstari nusu, kisimame na kupiga kelele, kisiruke. Mipangilio ya kazi ya zamu ikae kwenye folda ya zamu, Mzee Jayanti alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mpumbavu. Kabla hamjaandika, someni chini, kwa sauti, na wakulima wawasikie. Na mistari yangu minne irudi ilipokuwa. Ule wa kwanza msiurudishe. Mahali pake andikeni hivi, neno kwa neno, na jina langu msilitoe:

Yusta aliagiza mistari mirefu ikatwe. Mistari mirefu ilikuwa ya wajane. Walikosa maji siku kumi na mbili, mpunga ukiwa unachanua. Semeni Mgaya alikuja ofisini kutuambia, na Yusta akamfukuza.